Athens, Georgia: Mji Unaousikia Kabla ya Kuuona

Ukishuka Atlanta, usilale Atlanta. Tafuta gari, shika njia ya kaskazini-mashariki, uingie barabara ya 316, na kama foleni imekuhurumia, baada ya saa moja na nusu hivi utakuwa umefika Athens. Njiani utaona udongo mwekundu unaoweza kumkumbusha mtu wa Karatu kwao, na mmea utambaao uitwao kudzu, uliotoka Asia ya mbali, ukiwa umefunika miti, nguzo za umeme na vibanda vilivyohamwa. Kabla hujaona jengo hata moja la mji, washa redio ya gari na uitafute 90.5, huko mwanzoni kabisa mwa masafa ya FM.

Hapo utasikia gitaa lililorekodiwa sebuleni kwa mtu. Wimbo utakwisha, kisha kijana wa miaka 19 au 20 atakutajia majina ya bendi tatu ambazo hujawahi kuzisikia, atayataja kwa heshima ile ile ambayo wengine huwapa wafalme, halafu wimbo mwingine utaanza. Hutasikia tangazo la sabuni wala la benki. Hutasikia wimbo ule ule uliopigwa saa iliyopita. Hiyo ndiyo WUOG, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgia, iliyo hewani tangu 1972. Ukishaisikia, umeingia Athens hata kama bado una kilomita za kuendesha.

Mimi nilikuja hapa kusoma shahada ya uzamili, na mji ukanifanya mtangazaji. Nilipewa kipindi cha roki mbadala na bendi huru, zile zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, na kwa sababu ya kipindi hicho nimeupenda mji huu kwa namna ambayo darasa peke yake lisingeniwezesha. Nimetembea miji mikubwa yenye majina makubwa. Sijaona mwingine ambamo anayepiga muziki, anayeutangaza na anayeusikiliza wanaishi karibu karibu hivi, kiasi cha kukutana dukani asubuhi wakinunua maziwa.

Tao la chuma na mlango wa 1961

Anza safari yako mtaa wa Broad, mbele ya Tao. Ni lango dogo la chuma jeusi lenye nguzo tatu, limesimama tangu katikati ya karne ya 19 kwenye mpaka kati ya mji na chuo. Mwanafunzi mgeni huambiwa siku ya kwanza: usipite chini yake mpaka umehitimu. Simama hapo dakika chache utazame. Vijana wanakuja mbio wakichelewa darasani, na wakifika kwenye Tao wanakwepa pembeni, ngazi zimelika upande wa kushoto na kulia kwa nyayo zao. Chuo chenyewe kilipewa hati yake 1785, kikaanza kufundisha 1801, na mji ukakua ukikizunguka. Leo wakazi ni 127,000 na ushei, na wanafunzi ni zaidi ya 40,000. Mji wenye vijana wengi namna hiyo haulali mapema.

Hatua chache kutoka kwenye Tao kuna jengo ambalo msafiri kutoka Afrika hapaswi kulipita. Linaitwa Holmes-Hunter, kwa heshima ya Hamilton Holmes na Charlayne Hunter, vijana wawili Weusi waliofungua mlango wa chuo hiki Januari 1961, baada ya mahakama kuamuru wapokewe. Walipokewa na makelele na mawe ya watu wasiotaka kuwaona. Wote wawili walihitimu. Holmes akawa daktari wa mifupa. Hunter akawa mwandishi wa habari, akaishi na kuripoti miaka mingi kutoka Afrika Kusini. Ukikaa kwenye benchi mbele ya jengo hilo utaelewa kwamba uhuru unaosikika leo kwenye 90.5, wa kijana yeyote kukaa kwenye kiti na kusema na mji mzima, haukuanguka kutoka mbinguni.

Na Kiswahili nacho kina kiti chake hapa. Profesa Lioba Moshi, Mtanzania, alikifundisha chuoni hapa kwa miaka mingi, na ndiye aliyeongoza utengenezaji wa KIKO, masomo ya Kiswahili kwa kompyuta ambayo wanafunzi wa nchi nyingi wameyatumia. Usishangae basi ukiamkiwa "Hujambo" na kijana wa Kigeorgia mwenye gitaa mgongoni.

Mitaa ambamo nyimbo zilizaliwa

Vuka Broad uingie mjini. Kila kitu nitakachokutajia kuanzia hapa unaweza kukifikia kwa miguu. Panda mtaa wa College hadi kona ya Clayton, utakuta duka la santuri la Wuxtry, lililoanza katikati ya miaka ya 1970. Ndani kumebanana. Santuri zimepangwa hadi darini, mabango yamebandikwa juu ya mabango, na harufu ni ya karatasi za zamani. Nyuma ya kaunta hiyo alifanya kazi Peter Buck, na mteja mmoja, mwanafunzi wa sanaa aliyeitwa Michael Stipe, alikuwa akinunua zile zile santuri ambazo Buck alitamani kuzibakiza zake. Wakaanza kuongea. Wakawapata Mike Mills na Bill Berry. Tarehe 5 Aprili 1980, wanne hao walipiga muziki kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa lililoachwa mtaa wa Oconee. Bendi hiyo ikaja kuitwa R.E.M. Kanisa lilibomolewa, lakini mnara wake bado umesimama peke yake katikati ya nyumba za watu, na wageni huufuata kutoka nchi za mbali.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekuwa na redio 1991 anaijua R.E.M. kwa "Losing My Religion". Kabla ya hapo walikuwa na miaka kumi ya kusafiri kwa gari dogo kutoka mji wa chuo mmoja hadi mwingine, na waliowapokea walikuwa wanafunzi wenye redio. Wimbo wao wa kwanza, "Radio Free Europe", ulitolewa 1981 na kampuni ndogo iitwayo Hib-Tone. Redio kubwa za biashara hazikuwa na nafasi ya wimbo ambao maneno yake hayashikiki. Redio za vyuo zilikuwa nayo. 1983 ikatoka albamu ya Murmur. Picha ya mbele ni ile kudzu uliyoiona njiani, na ya nyuma ni daraja la mbao la reli lililo chini kidogo ya mji. Sehemu kubwa ya daraja la zamani imeondolewa, na mahali pake pamejengwa jipya la waenda kwa miguu na baiskeli. Nenda jioni jua likipoa.

Lakini R.E.M. hawakuwa wa kwanza. B-52's walipiga onyesho lao la kwanza siku ya Valentino 1977, kwenye sherehe nyumbani kwa watu, kwa sababu mji haukuwa na ukumbi wa kupokea muziki kama wao. Baada yao wakaja Pylon, wanafunzi wa sanaa walioshika vyombo kama walivyoshika brashi: wajue kwanza wanataka kutengeneza nini, ufundi utafuata. Mpiga ngoma wao, Curtis Crowe, alikuwa na chumba cha ghorofani mtaa wa College chenye balbu moja tu ya wati 40 ikining'inia darini. Sherehe zilizofanyika chini ya balbu hiyo ndizo zilizozaa jina la 40 Watt Club, ukumbi ambao umehamahama mara kadhaa na sasa uko mtaa wa Washington Magharibi. Baadaye, miaka ya 1990, wakaja Neutral Milk Hotel, Olivia Tremor Control na Of Montreal, vijana wa kundi la Elephant 6 waliorekodi kwa mashine za kanda majumbani na kuchanganya gitaa na tarumbeta, msumeno na akordioni.

Sababu za wingi huu zinaonekana ukitembea. Shule ya sanaa ilileta watu wenye mawazo. Nyumba za zamani za mbao, zenye vyumba vikubwa na baraza pana, zilipangishwa kwa bei ambayo mhudumu wa mgahawa aliimudu, na sebule zake zilitosha ngoma na vipaza sauti. Mji ulikuwa mdogo, hivyo ukipiga vibaya Ijumaa ulisamehewa Jumamosi. Na kulikuwa na redio moja iliyokuwa tayari kukupiga hewani hata kama kanda yako ulikuwa na nakala yake moja tu.

Ukiwa mtaa huo huo wa Washington, simama kwenye kona ya Hull. Wenyeji wanaiita Hot Corner, na hapa ndipo palipokuwa moyo wa biashara za watu Weusi wa Athens. Morton Theatre, uliofunguliwa 1910 na Monroe Bowers Morton, bado unafanya kazi. Watu Weusi waliujenga, wakaumiliki, wakapanda jukwaa lake katika zama ambazo kumbi nyingine ziliwapeleka viti vya juu kabisa kwa mlango wa nyuma. Anayetaka kuusifu muziki wa mji huu na aanzie hapa, miaka sitini na kitu kabla ya B-52's.

Ndani ya studio

Sasa nikupeleke nilipokaa mimi. WUOG ilikaa miaka mingi juu kabisa katika jengo la Memorial Hall, kisha ikahamia kituo cha wanafunzi cha Tate, jirani na uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Sanford. Mlango wa studio ni mzito. Ukiufunga nyuma yako, kelele za chuo zinakatika na unabaki na sauti ya pumzi yako. Mbele yako kuna meza ya kuchanganyia sauti, kipaza sauti, mashine mbili za santuri, za sidii na kompyuta. Ukutani kuna maktaba ya albamu, na juu ya majalada mengi kuna karatasi zilizoandikwa kwa mkono na watangazaji waliotangulia: wimbo wa pili ni moto, wa tano unafaa usiku, wa saba una matusi usiuguse mchana. Wengine waliandika aya nzima. Wengine wakajibizana humo humo, mmoja akiisifu albamu na mwenzake wa muhula uliofuata akimpinga. Ukizisoma karatasi hizo unafahamiana na watu walioondoka hapa kabla hujazaliwa.

Sheria za Marekani zimetenga masafa ya FM kati ya 88 na 92 kwa vituo visivyo vya biashara. Kwa hiyo redio nyingi za vyuo zimejazana mwanzoni, na bendi ya The Replacements ya Minneapolis ilitoa 1985 wimbo mzima kuhusu kona hiyo ya redio, "Left of the Dial". Mfadhili anaweza kushukuriwa hewani, ila huruhusiwi kumwambia msikilizaji aende akanunue, wala kutaja bei. Karibu na mwanzo wa kila saa lazima utaje herufi za kituo na jina la mji, na lugha kali uiache kwa saa za usiku, kati ya saa nne na saa kumi na mbili alfajiri, ambapo huvumiliwa zaidi. Ukiacha hayo, ulimwengu ni wako. Watu 26,000 hawahitajiki ili wimbo upigwe. Wati 26,000 za mtambo wa kituo zinautosha, na uamuzi wa mtu mmoja aliyeupenda.

Mgeni hupewa saa za usiku wa manane. Nilizipenda mno. Unaweka sindano juu ya santuri, unasikiliza kwenye hedifoni mpaka mlio wa kwanza, kisha unairudisha sahani nyuma kwa kidole robo ya mzunguko, ili ukiiachia ipate mwendo kabla sauti haijaanza. Ukiirudisha kidogo mno, wimbo unaingia ukilia kama mtu aliyeamshwa ghafla. Ukiirudisha sana, kimya kinatanda hewani. Mkono ukishazoea, unafanya hivyo huku jicho likiwa kwenye wimbo unaokwisha na kichwa kikitafuta wa tatu. Kupanga nyimbo ndiyo kazi yenyewe. Ukipiga Pylon wa 1980, kinachofuata kiwe cha bendi iliyoanzishwa mwaka jana, ili msikilizaji asikie kwamba ni familia moja. Halafu umshangaze, umpigie gitaa la Jean Bosco Mwenda wa Katanga, peke yake, vidole viwili vikifanya kazi ya watu watatu, aone kwamba muziki wa mtu mmoja na chombo chake sebuleni haukuanzia Georgia.

Usiku mmoja nilipiga wimbo wa bendi ya hapa hapa mjini, kutoka kwenye sidii iliyoletwa kituoni ndani ya bahasha isiyo na jina la mtumaji. Simu ikalia wimbo ukiwa katikati. Mpigaji alikuwa mpiga ngoma wa bendi hiyo. Alikuwa kazini, anaosha vyombo katika mgahawa wa mitaa miwili tu kutoka chuoni, na alisema wenzake wameizima feni ya jiko na kuacha masufuria ili wasikilize. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia redioni. Nyuma yake nilizisikia ngoma zake mwenyewe zikitoka kwenye redio ya jikoni. Kwenye jiji kubwa, kati ya mpiga ngoma na mtangazaji kuna wakala, kampuni, meneja wa kituo na orodha iliyopangwa mahali pengine. Athens kuna simu ya mezani na mitaa miwili. Hapo ndipo nilipoujua mji huu ulivyo.

Kituo pia hupokea bendi kupiga moja kwa moja, katika kipindi kiitwacho Live in the Lobby. Mgeni mwenye adabu akipiga hodi na kuomba kutazama, mara nyingi hujibiwa karibu.

Tumbo nalo lina haki yake

Shuka mtaa wa Broad kuelekea mtoni, utaliona jengo dogo la Weaver D's, mgahawa wa Dexter Weaver. Kauli aliyozoea kuwaambia wateja wake, "Automatic for the People", R.E.M. waliiomba wakaifanya jina la albamu yao ya 1992. Mwaka 2007 mgahawa ulipata tuzo ya James Beard inayotolewa kwa migahawa ya wenyeji inayopendwa. Agiza kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemka polepole na mkate wa mahindi. Mtu wa kwetu akizionja mboga hizo atatambua mara moja mkono wa Afrika ndani ya sufuria ya Kusini, maana sukuma wiki na majani haya ya collard ni ndugu wa damu.

Ukiamua kwenda

Kutoka uwanja wa ndege wa Atlanta kuna mabasi madogo yanayokufikisha Athens bila kubadilisha gari. Aprili ni mzuri: baridi imeondoka, joto halijafika, na miti imechanua maua meupe na ya waridi. Juni kuna joto zito, lakini ndiyo wakati wa AthFest, tamasha lenye majukwaa ya bure mitaani, lililoanza 1997. Epuka Jumamosi za mpira vuli, isipokuwa kama mpira ndio uliokuleta. Sanford huchukua zaidi ya watu 90,000, na siku hiyo hupati kitanda wala kiti. Ukifika, chukua Flagpole, gazeti la kila wiki la bure, lililoanza 1987. Kurasa zake za ratiba zitakuambia nani anapiga wapi. Tenga usiku mmoja kwa 40 Watt na mwingine kwa Georgia Theatre, ukumbi ulioungua Juni 2009, ukajengwa upya na kufunguliwa 2011.

Mchana, tembea hadi kona ya Finley na Dearing uuone mti wa mwaloni unaosemekana kujimiliki wenyewe. Hadithi ni kwamba mwenye shamba aliupenda kiasi cha kuuandikia hati ya ardhi iliyouzunguka. Ule wa kwanza ulianguka 1942, na wenyeji wakaotesha mtoto wake kutokana na tunda lake, wakaupanda pale pale 1946. Nao wanaheshimu hati hiyo hadi leo.

Neno la mwisho ni hili. R.E.M. waliagana 2011, na Athens haikufunga duka. Kila muhula kijana mwingine anapewa ufunguo wa studio, na kila wiki bendi isiyo na jina inapakia vyombo kwenye gari la kuazima. Kwa hiyo ukishauona mnara wa kanisa na daraja, usiumalize muda wako kwa waliokwisha kuwa maarufu. Sikiliza 90.5 alasiri, andika jina moja usilolijua, litafute kwenye ratiba ya Flagpole, lipa kiingilio, usimame mbele kabisa. R.E.M. nao waliwahi kuwa jina ambalo hakuna aliyelijua, na waliosimama mbele walikuwa majirani.